Mwaka wa Bendi ya Kwanza

Patient alinikuta nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, siku ya tatu ya kilio cha baba yake. Alikuwa amefika kutoka Kinshasa kwa ndege ya asubuhi, na viatu vyake vya safari vilikuwa bado havijaona udongo wetu. Alikaa juu ya kreti tupu ya bia, akaniuliza moja kwa moja: "Tonton Murhula, mukono ya papa ilivunjikia wapi? Maman alikuwa anasema échelle, ngazi. Papa alikuwa anacheka tu." Nilimwambia kwamba hilo si neno la kusemea kati ya masufuria na wamama wanaochagua maharage, na kwamba nitamwandikia. Akanitazama kwa namna ya mtu anayejua ahadi za wazee. Basi, nimeandika. Nimechukua miezi miwili, na karatasi nyingi nimezitupa kwa sababu zilinionyesha mwema kuliko nilivyokuwa.

Mwaka ninaoueleza ni ule wa kwanza wa vita ya pili ya Kongo, wakati nchi ilipokatwa vipande viwili na sisi wa Bukavu tukajikuta upande wa waasi, Kinshasa ikawa ng'ambo ya mstari ambao hakuna aliyeweza kuuonyesha kwa kidole lakini kila mtu aliuogopa. Barua hazikwenda. Simu zilikuwa zimekufa. Njia ya Bunyakiri ilifunguka leo na kufungwa kesho. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, umri ambao mtu hawezi tena kujitetea kwa kusema alikuwa kijana. Nilikuwa natengeneza redio na televisheni katika chumba kimoja cha mbao huko Kadutu, karibu na soko, na nilijiona mkubwa. Katika mji ambao kila kitu kilikuwa kinaharibika, mtu anayejua kufufua kitu hupata sifa ambazo hazimfai.

Ujuzi wote niliokuwa nao nilipewa na Prof Cirhuza, baba yake Patient, aliyenifundisha umeme katika shule ya ufundi. Mpaka leo naweza kuliona lile darasa lenye madirisha yasiyo na vioo, na yeye mbele ya ubao, suruali imejaa vumbi la chaki, akitufundisha bendi za televisheni kama padri anavyofundisha amri za Mungu, ila yeye alikuwa anachekesha. "Bande quatre na bande cinq," alikuwa anasema juu ya bendi ya nne na ya tano, "ni mutoto ya masomo: akiona kilima, anarudia kwao. Bande trois ni maman ya soko: anajua njia za kando, atafika, lakini hatafika mbali sana. Bande un, njo mulevi. Hamutajua atalala wapi." Tulicheka. Kisha alieleza kwa nini. Wimbi la bendi ya kwanza ni refu, mita sita hivi kutoka mgongo mmoja mpaka mwingine, na juu kabisa, juu kuliko ndege yoyote, kuna hewa ambayo jua huichoma mpaka siku nyingine inakuwa ngumu kama bati. Wimbi likikuta hilo bati, halipotei angani. Linagonga na kuanguka chini, mbali sana, mahali ambapo hakuna aliyelialika. Hakuna anayejua siku wala saa. Nilinakili yote hayo katika daftari, nikapata alama nzuri, na sikuyaamini.

Niliyaamini siku moja saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemaliza kutengeneza televisheni ya zamani, yenye vitufe viwili vya kuzungusha, na nilikuwa napitisha chaneli moja moja kuona kama imepona. Chaneli ya pili, iliyo katika bendi ya kwanza, haikuwa na kitu kwetu. Hakuna mtu wa Bukavu aliyewahi kuona kitu pale isipokuwa ile chengachenga inayoruka kama mchele kwenye ungo. Nilikuwa tayari nimeanza kuipita. Mchele ukatulia. Ukajikunja kwa mistari, mistari ikasimama, na ndani yake akatokea mwanamke amekaa nyuma ya meza, anasoma. Hakuwa na rangi wala sauti. Nyuma yake kulikuwa na ramani ya Kongo, nzima, haijakatwa. Chini yake maneno ya Kifaransa yalipita yakitetemeka, na nikaweza kusoma neno moja tu, Kinshasa. Nilikuwa nimeshika bisibisi na sikuthubutu kuiweka chini, kana kwamba mlio wake ungemwamsha yule mwanamke na kumfanya aondoke. Alidumu muda wa kuchemsha chai. Kisha mchele ukarudi. Nje, wachuuzi walikuwa wanagombana juu ya nafasi ya kupanga ndizi kama vile hakuna kilichotokea duniani. Nimeona mambo mengi tangu siku ile, nimeona mpaka simu zinazoonyesha sura ya mtu aliye Ulaya, na hakuna lililonishangaza namna ile. Wimbi lilikuwa limepita juu ya misitu, juu ya majeshi mawili yanayoelekezeana bunduki, juu ya kila kizuizi, na limekuja kuanguka kwenye kipande cha waya juu ya meza yangu.

Nilipanda kilima mbio mpaka kwa Prof. Aliishi katika nyumba ya matofali juu ya Kadutu, sebule ndogo yenye makochi manne yaliyofunikwa vitambaa vilivyofumwa na mkewe, Maman Patient, na dirisha kubwa ambalo kupitia mapazia yake ziwa lilionekana. Walikuwa mezani. Kulikuwa na bugali, mboga ya lengalenga, na visamaki vya sambaza vya kukaanga katika sahani ya bati. Nilieleza nikiwa bado mlangoni. Prof aliacha tonge lake juu ya sahani.

"Rangi?"

"Hapana, Prof."

"Sauti?"

"Hapana."

"Chaîne?"

"Deux."

Alinawa mikono taratibu, akaifuta. "Ilifika," alisema.

"Nini ilifika?" Maman Patient aliuliza.

"Kinshasa."

Hapo yule mama naye aliacha kula, na kwa sababu tofauti na ya mumewe. Mtoto wao wa pekee, Patient, alikuwa ameenda Kinshasa kusoma mwaka mmoja kabla ya vita hiyo. Barua yake ya mwisho ilisema amejiunga na kwaya ya parokia, na kwamba misa yao wakati mwingine huonyeshwa Jumapili kwenye televisheni. Halafu vita ikaanza, na tukasikia kwamba huko watu wa mashariki wanasakwa njiani kwa ajili ya sura zao. Tangu hapo, kimya. Maman Patient alikuwa ameenda parokia kuandikisha nia ya misa kwa jina la mtoto wake, na karani akamuuliza, kama wanavyouliza wote: niandike upande wa wazima ao upande wa wafu? Alisimama pale na mkoba wake. Kisha alirudi nyumbani bila kujibu. Alikuwa amenisimulia hivyo mwenyewe, na tangu siku hiyo alikuwa anasali peke yake, sebuleni, sala ambayo haikuandikwa upande wowote.

"Murhula," aliniambia, "ile machine yako inaweza kunionyesha mutoto yangu?"

"Maman, inaweza," nilisema. Prof alinitazama, lakini hakunikatiza.

Antena tuliitengeneza kwa fimbo za mapazia. Hakukuwa na alumini nyingine. Antena ya bendi za juu unaweza kuibeba kwapani kama gazeti, vipande vyake havizidi mkono. Ya bendi ya kwanza inadai vyuma vya karibu mita tatu kila kimoja, kwa sababu wimbi likiwa refu na kikombe cha kulikinga lazima kiwe kirefu. Prof aliziunganisha fimbo mbili mbili kwa misumari na kamba ya mpira, akapima kila moja mara tatu, akazifunga juu ya mti wa mkaratusi tulioutoa Nyantende. Mapazia yakabaki yamekunjwa juu ya kochi.

"Sasa batu ya njia batakuwa banatuona tukikula," Maman Patient alilalamika.

"Bakitamani, baingie," Prof alisema.

Tuliposimamisha mti, majirani walitoka wote. Mmoja akauliza kama Papa Prof anajenga ngazi ya kupandia mbinguni, mwingine akasema hapana, ni ya kuanikia samaki wakubwa ambao hawajavuliwa bado. Wakati huo antena zote za Bukavu zilielekea mto Ruzizi, zikinywa picha za majirani wa ng'ambo. Ukisimama juu ya Kadutu uliziona mamia, zote zimetazama upande mmoja kama waumini kanisani. Yetu peke yake iliwapa mgongo. Tulicheka juu ya hilo. Mimi ndiye nilicheka zaidi.

Tulingoja. Bati la mbinguni lilikuwa likijitengeneza kati ya saa nne na saa nane mchana, siku linapotaka, na siku nyingi halikutaka. Nilifunga duka langu kila asubuhi nikapanda. Naikumbuka sebule ile isiyo na mapazia kuliko nyumba zangu mwenyewe: jua likiingia na kuonyesha kila kovu la meza, harufu ya maharage yanayochemka, Maman Patient akimenya viazi huku jicho moja likiwa kwenye mchele wa televisheni. Walikuwa wanazungumza kana kwamba sipo. "Kama amekonda?" mama aliuliza. "Atakuwa amekonda, kule hakuna sombe yako," baba alijibu. "Na kama bamemunyoa?" "Utamujua." "Mi nitamujua ata bakimufunika gunia." Mara mbili picha ilikuja: mara moja mpira wa miguu, wachezaji kama sisimizi, mara moja mwanamume mnene akihutubia kwa muda mrefu. Prof alisimama mara zote mbili kwa heshima, kama mgeni ameingia.

Jumapili ya tatu au ya nne kulikuwa na upepo kutoka ziwani, na mti ulikuwa unazunguka. Prof alipanda ngazi nje akaukumbatia. Ndivyo ilivyotokea kwamba, picha ilipokuja, mwenye nyumba alikuwa juu ya ngazi na uso wake umeelekea ukuta. Tuliona altare, maua, kisha mistari ya watu waliovaa mavazi meupe, vinywa wazi, wanaimba bila sauti. Niliinama kwenye kitufe kuirekebisha. Nikasikia kiti kinaanguka nyuma yangu.

"Yule! Wa pili! Mukono ya kuume! Yesu Maria, njo yeye!"

Niliinua kichwa. Picha ilikuwa tayari imeanza kuyeyuka, nyuso zimekuwa matone.

"Murhula, umemuona? Sema, umemuona?"

Alikuwa amenishika shati kwa mikono miwili. Nje, Prof alikuwa anapiga kelele: "Ni nini? Munaona nini?" Na mimi nikampigia kelele, "Usiguse, Prof! Bakia vile!" Akabakia vile. Kisha nikamgeukia mama.

"Ndiyo, Maman. Nimemuona."

Kesho yake asubuhi alienda parokia akaandikisha jina la mtoto wake upande wa wazima.

Patient, hapa naandika kwa ajili yako. Uliniambia kwenye kilio kwamba mwaka ule hukuimba popote. Ulikuwa umefichwa miezi minane katika chumba cha rafiki, hutoki hata kuchota maji, na kwamba mama yako alipokusimulia baadaye jinsi alivyokuona, ulimwachia aamini hivyo. Ulifanya vizuri. Mimi sikuona mtu. Niliona kitufe. Sijui mama yako aliona nini, na sitaki kumhukumu aliyekuwa na macho ya namna ile. Lakini neno langu ndilo lililoigeuza ile picha kuwa ushahidi, na kuanzia siku hiyo baba yako hakushuka tena kwenye ngazi ile kwa hiari. Alitaka picha irudi, naye apate zamu yake ya kukuona.

Sasa kosa la pili, ambalo ndilo ulilouliza. Kulikuwa na komanda mmoja mjini, mtu wa kutoka magharibi ya nchi aliyeingia katika uasi huo kwa sababu ambazo hakuwahi kutueleza, anasema Kiswahili kilichochanganyika na Lingala. Aliniletea televisheni yake kubwa, nikaitengeneza mbele yake kwa saa moja. Alisifu mikono yangu. Niliposifiwa, mdomo ulifunguka. Nikaanza kumfundisha mambo ya mawimbi, nikatumia maneno ya Prof yote, mtoto wa shule, mama wa soko na mlevi, kama vile ni yangu. Alicheka sana. Nikasema, "Komanda, wimbi haiogopi front, mustari ya vita. Hapa mujini kuna nyumba Kinshasa inaingia muchana kweupe."

"Nyumba gani, technicien?"

"Ah, Komanda, ile ni siri ya fundi."

Hakuniuliza tena. Hakuwa na haja. Ilimtosha askari wake kuinua macho na kutafuta antena moja inayowapa mgongo wenzake.

Walikuja Jumanne. Prof alikuwa juu ya ngazi. Nilisimuliwa na majirani kwamba hawakumwambia ashuke. Mmoja aliushika mti na kuuvuta, na mti, fimbo za mapazia na mzee vikaanguka pamoja. Mkono wa kulia ulivunjika pale. Walimbeba hivyo hivyo mpaka kambini, pamoja na antena na televisheni, kisha wakatumwa kuniita mimi, fundi anayejulikana, nije kusema kile kitu ni nini.

Nilimkuta amekaa chini, mgongo ukutani, amejishikilia mkono kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Antena ilikuwa imelala sakafuni katikati ya ofisi, kubwa kupita kiasi, imepinda. Komanda hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Technicien. Hii kitu inaweza kutuma habari Kinshasa?"

Jibu lilikuwa neno moja. Hapana. Haikutuma, hatukuwa na mashine ya kurushia habari, hata mtoto angesema hapana. Lakini nilikuwa nimeogopa, na mtu akiogopa hushika kile anachokijua kwa moyo. Nikasimama wima na kujibu kama niko mbele ya ubao: "Komanda, antenne haina mulango ya kuingilia na mulango ya kutokea. Yenye inapokea inaweza pia kutuma, ikiwa…"

"Inatosha."

Nilimwona Prof anafumba macho. Lilikuwa somo lake, neno kwa neno. Na kwa miaka yote ile ya kufundisha, nadhani hakuna mwanafunzi aliyewahi kulikariri vizuri hivyo.

"Na nani aliitengeneza?" Komanda aliuliza.

Nilingoja mdomo wangu useme. Prof aliutangulia. "Mimi. Na mikono yangu." Nami nikaenda zangu nyumbani.

Jioni ile Maman Patient alinipokea, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakunitukana. Aliniwekea bugali na maharage. "Kula kwanza," alisema. "Kiisha urudie kule useme yenye ulipashwa kusema." Nilikula. Sikurudi. Nilikaa siku tisa, Patient. Nilizihesabu wakati ule na sijaacha kuzihesabu. Kila siku nilijipa sababu, na kila sababu ilikuwa na akili. Mkono wa baba yako uliunga vibaya katika siku hizo tisa, bila daktari, umefungwa kwa kipande cha shati lake.

Siku ya kumi nilienda. Nilimwambia Komanda kwamba antena tuliitengeneza wawili, na kwamba haitumi kitu, inangoja tu.

"Inangoja nini?"

"Picha, Komanda. Zinakuja zenyewe."

Wasaidizi wake walicheka. Yeye hakucheka. "Basi, uiweke kwangu. Nikiona Kinshasa na macho yangu, muzee ataenda kwake. Nisipoona, utaenda kukaa pembeni yake. Ninakupa siku ine."

Sijui kama unaelewa alichotaka kwangu, kwa sababu hata mimi nilikielewa nikiwa nimeshafika kwenye nyumba yake ya kando ya ziwa na kuinyoosha antena juu ya paa. Alikuwa ameufunga uhuru wa baba yako kwenye kitu ambacho hakina bwana. Ningeweza kutengeneza waya, ningeweza kutengeneza televisheni. Lile bati la juu siwezi kulipigilia. Siku ya kwanza, kutoka saa nne mpaka saa nane, mchele. Askari walikuwa wanapita na kuuliza kama Kinshasa siku hizi inauza mchele peke yake. Siku ya pili, mchele. "Technicien, hii ni film ya vumbi?" Siku ya tatu mvua ilinyesha Bukavu, na mmoja wao, mwenye huruma kidogo, aliniletea kikombe cha chai na kusema polepole, "Kaka, unajua kusali?" Nilijua. Lakini nilipojaribu nilijikuta naongea na hewa yenyewe, ile ya juu sana, na kuiita kwa majina ya heshima, kama tunavyomwita mwami, mfalme wetu.

Siku ya nne picha ilifika, saa saba na kitu. Komanda alikuwa mezani, anakula samaki kwa mikono. Mchele ulitulia kwa namna ile ninayoijua, ukajikunja, na barabara ikatokea. Barabara tu. Pana, imelowa, inang'aa, mabasi yanapita taratibu na watu wanaruka madimbwi. Komanda alisimama na mafuta ya samaki bado kwenye vidole vyake. Alisogea mpaka uso wake ukawa karibu kugusa kioo.

"Oyo Kin," alisema kwa Lingala kwa sauti ndogo, hii ni Kinshasa. "Hii ni kwetu. Hii ni kwetu kabisa. Ile kona… mama yangu iko anauzisha pale nyuma ya ile kona."

Askari walikuwa wamesimama wote, na mmoja akavua kofia. Hawa ndio watu waliokuwa wanapigana na mji ule. Nilitazama migongo yao, kisha nikatazama picha, na mara hii niliitazama vizuri, kila kitu, kwa sababu nilikuwa nimejifunza nini hutokea kwa mtu anayetazama kitufe. Ilidumu chini ya muda wa kusali rozari. Ilipoondoka, Komanda alibaki mbele ya mchele, ametugeuzia mgongo, muda mrefu kuliko picha yenyewe.

"Muzee aende," alisema.

Nilianza kupanda kufungua antena.

"Iache. Ile inabakia hapa."

Ikabakia. Mpaka alipohamishwa, nyumba ya mkubwa wa waasi kando ya ziwa ndiyo pekee iliyotazama Kinshasa, na hakuna askari aliyepanda kuuliza.

Nilimtoa Prof kambini mwenyewe. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota nyeupe, mkono umepinda kwenye kiwiko. Tulipanda kilima polepole, tukisimama kila baada ya nyumba chache. Nilimwambia yote njiani: jinsi nilivyojivuna kwa Komanda, siku tisa zile, na antena iliyobaki kwake, kwa hiyo hatapata zamu yake. Nilingoja anitukane, ningekula matusi yake kama chakula.

"Ilifika?" aliuliza.

"Ilifika, Prof."

"Saa ngapi?"

"Saa saba na dakika kumi hivi."

"Ulisimama wapi?"

"Karibu sana."

Alisimama. Alikuwa anatweta. "Nielezee."

Nilivuta pumzi. Nakiri kwamba kwenye ulimi wangu kulikuwa na kijana aliyevaa shati jeupe, anavuka barabara ile, mwembamba, na mwendo kama wa Prof. Angekuwa zawadi yangu. Nadhani Prof alimwona anakuja, kwa sababu aliniwekea mkono wake mzima begani.

"Usiniongezee kitu, Murhula. Ya Jumapili uliongeza. Mwana yangu, nilikufundisha. Ninajua sauti yako ukisema kitu hukuona. Leo sema tu yenye macho yako iliona."

Basi nikamwambia. Barabara pana. Mabasi matatu, moja na mlango umefunguka na mtu ananing'inia. Mwanamume na mwavuli uliovunjika upande mmoja. Mwanamke amebeba mikate kichwani, imefunikwa plastiki, anapita kando ya dimbwi. Mbwa. Mti ambao sikuujua jina. Aliniuliza maji ya dimbwi yalikuwa yanarushwa na magurudumu au yametulia, nikasema yanarushwa. Aliniuliza watu walikuwa wanakimbia, nikasema hapana, wanatembea, wengine wanacheka. Tulitembea tukisimama hivyo mpaka picha yote ikaisha na ikabaki nyumba yake mbele yetu, na dirisha lake tupu, na Maman Patient ametoka mlangoni akakimbia, kisha akaacha kukimbia alipouona ule mkono.

Prof hakumwachia nafasi ya kuuliza. Uso wake wote ulikuwa umefunguka.

"Maman Patient," alisema, "leo, saa saba yetu, saa sita yao, Kinshasa imenyesha mvua. Sasa hivi batu banatembea. Hakuna mwenye anakimbia."

Nilijua, na yeye alijua kuliko mimi, kwamba picha ile ingeweza kuwa ilipigwa wiki iliyopita, au mwaka uliopita, na ikarushwa siku ile kwa sababu yoyote. Nilifungua mdomo. Kisha niliufunga, nikawasaidia kupita mlangoni.